Nani Kaificha Theluthi?

Siku hizi hesabu haifundishwi mtoto akiwa amekaa. Mwalimu wa mjukuu wangu, kijana mwenye mbio nyingi, kaanzisha msako darasani. Kadi zimebandikwa ukutani, dirishani, nyuma ya mlango, na kila kadi ina swali la sehemu lenye maneno mengi kuliko hotuba ya diwani. Ukipata jibu, unalisaka limeandikwa juu ya kadi nyingine. Hapo ndipo lilipo swali linalofuata. Ukizipitia zote sawasawa, unarudi ulikoanzia. Ukirudi mapema, ujue kuna mahali umechemka.

Na sisi wazee tukaalikwa. Mimi na magoti yangu haya.

Kadi ya kwanza: Asha amekula robo ya piza, kaka yake amekula theluthi. Imebaki sehemu gani? Piza! Hapa Songo Mnara, ambako hata unga unangoja mashua kutoka Kilwa Masoko.

"Mwalimu, hao wazazi wao hawakuachiwa kitu?"

"Babu, tafuta jibu tu."

Mjukuu akaninong'oneza kwamba asili ni kumi na mbili. Tukaikuta 5/12 dirishani, tukasukumwa kwa fundi anayepaka rangi 3/8 ya ukuta kwa siku. Kuta za matumbawe na chokaa za mji wa kale hapo jirani zimesimama tangu karne ya 14 na 15, wala sijasikia mtu akiulizwa zilipakwa sehemu ngapi kabla ya chakula cha mchana.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu sehemu anazijua. Chombo chetu kikirudi, mafuta ya injini yanatolewa kwanza. Fedha inayobaki, nusu ni ya chombo na nyavu, nusu wanagawana mabaharia wanne. Majuzi huyu huyu wa piza alinivuta shati pale pwani: "Babu, hiyo siyo thumni. Wamekupunja." Tukahesabu upya, kweli nilikuwa nimepunjwa. Hakutumia kalamu wala kadi. Bibi yake naye hajawahi kusoma hisabati, lakini jaribu kumdanganya mjane mwenye watoto kuhusu thumni yake ya mirathi mbele ya bibi huyo, uone.

Tena kugawana kwa sehemu si desturi ya jana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman akitenga humusi ya ngawira kama Kurani ilivyoagiza. Hiyo ndiyo iandikwe kwenye kadi: sultani amerudi na ngawira hii, je, humusi ni ngapi? Hapo hata mimi ningekimbia.

Mzee mwenzangu yeye alipata 4/8, akazunguka darasa zima kuisaka kama aliyepotelewa na mbuzi. "Haipo! Wameiiba!" Watoto wakamlilia airahisishe. Akagoma. Nne ya nane yake ni halali, kwa nini aipunguze?

Kundi letu likamaliza la kwanza: watoto watano na mimi. Zawadi, pakiti ya biskuti kumi na mbili. Nikapiga hesabu haraka: tupo sita, mbilimbili, zimekwisha. Mwalimu akasema wazazi hawahesabiwi. Watoto wakapewa mbilimbili, na sudusi iliyobaki ikaingia mfukoni mwake. Kadi ya swali hilo sikuiona ukutani.