Magofu Hayapigi Kura

Msimu wa kampeni kila kitu hupata ahadi: barabara, zahanati, hata bei ya korosho. Magofu ya Kilwa Kisiwani huambulia picha. Mgombea hushuka botini, fulana ya chama ikimbana tumbo, akasimama mbele ya Msikiti Mkuu, akataja "historia yetu tukufu", kisha akawageukia wavuvi, ambao angalau wana kura.

Na kosa ni la magofu yenyewe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane, hana kadi ya mpiga kura. Huo ni uzembe tu, maana nasikia wapo marehemu wa juzi ambao majina yao bado yamo daftarini.

UNESCO iliyaandika magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikayaingiza pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakakaa humo hadi 2014. Katikati tukafanya chaguzi kuu mbili. Bahari ikaendelea kumega ufuko bila kuuliza ilani ya mtu. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa hadi Australia. Labda zilikwenda kutafuta mbunge.