Barua ya Wazi kwa Wauza Mlima

Kwa: Maofisa Udahili na Wahasibu Wakuu,
Vyuo Vikuu vya Umma vya Majimbo ya Milima,
Marekani.

YAH: OMBI LA ADA NAFUU KWA KIJANA ALIYEZALIWA UPANDE MBAYA WA RAMANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, Mtanzania, mkazi wa Houston, Texas, mji ambao ukitaka kusimama mahali pa juu itakubidi upande daraja la barabara kuu. Ni muuguzi wa zamu za usiku. Nina kijana anayemaliza sekondari mwaka huu. Amefaulu vizuri, ana adabu, na hakuwahi kunipa taabu mpaka siku vijana wa kanisa walipopelekwa Ruidoso, New Mexico, wakafundishwa kuteleza kwenye theluji. Alirudi si yule tuliyemuaga. Tangu hapo nikimuuliza anataka chuo gani, ananitajia mlima.

Nimemsema, mama yake kamsema, mchungaji kamsema. Kisha vipeperushi vyenu vikaanza kuingia kwenye sanduku la posta, nikaona kwamba tunamwonea bure. Kumbe hata nyinyi mkiulizwa mna chuo gani, mnataja mlima.

Kimoja ninacho hapa mezani. Jaladani kuna kijana kavaa miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea vyuma, yuko hewani, theluji inatimka nyuma yake. Ukurasa wa pili ni mlima. Wa tatu ni mlima ule ule, ila jua linazama. Mhadhiri nilimpata mbele kidogo, naye kapigiwa picha nje, kavaa buti. Maktaba nayo imepigwa kutokea ndani kuelekea dirishani, tusije tukaukosa mlima. Ada imeandikwa kwenye karatasi ya peke yake, nyembamba, iliyochomekwa katikati, ya aina ile inayodondoka mvunguni ukifungua.

Niliinama nikaiokota. Ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Pale Boulder, kwenye Chuo Kikuu cha Colorado, mtoto wa nje ya jimbo analipa ada kama mara tatu ya mwenyeji. Ni zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, kabla hajala wala hajalala. Wote wawili wanakaa darasa moja, wanamsikiliza mwalimu mmoja, na wakifeli wanafeli mtihani mmoja. Nilikotoka, mtoto wa Kigoma akipata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam analipa ada ile ile anayolipa mtoto wa Ubungo anayekwenda darasani kwa miguu. Na chuo chenyewe tunakiita Mlimani! Moshi nako kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, chini kabisa ya Kilimanjaro. Asubuhi mawingu yakifunguka, mwanafunzi anaiona Kibo yote, mita 5,895, pamoja na barafu iliyobakia, huku anapiga mswaki. Hakuna mhasibu aliyewahi kumwandikia ankara kwa hilo.

Msinijibu kwamba Hifadhi ya Kilimanjaro nayo humtoza mgeni zaidi ya mwenyeji. Humtoza, tena kwa dola, na mimi naunga mkono. Lakini mgeni yule hupanda, akatapika kidogo, akapiga picha, akashuka ndani ya wiki moja. Hamna anayemshikilia miaka minne.

Najua jibu lenu lingine: jimbo ndilo linalochangia chuo, na anayelichangia jimbo ni mkazi mlipa kodi. Hoja nzuri, laiti jimbo lingekuwa linachangia. Mwaka 1992 wananchi wa Colorado walipitisha kwa kura kifungu cha katiba kinachoizuia serikali kupandisha kodi bila kwanza kuwauliza wao. Wakiulizwa kama wangependa kuongezewa kodi, mara nyingi hujibu kama ambavyo binadamu yeyote angejibu. Kwa miaka mingi sasa jimbo hilo limekuwa likiburura mkia katika kuvichangia vyuo vyake vya umma. Pengo lazima lizibwe, nanyi mmepata wa kuliziba. Yaani mimi, nisiye na kura Colorado, nisiye na nyumba Colorado, nisiyeweza hata kuhema vizuri Colorado, ndiye ninayebeba kodi ambayo wenyeji wameikataa kwa kura. Naomba basi walau barabara moja iitwe kwa jina langu.

Mnao pia ule mpango wenu wa ujirani mwema, Western Undergraduate Exchange. Mwanafunzi wa jimbo mwanachama akivuka kwenda jimbo lingine, katika vyuo na masomo yaliyomo kwenye mpango, halipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji. Niliposoma hapo niliinuka kitandani saa nne asubuhi, mtu wa zamu ya usiku, nikamwita mama watoto. Tukatafuta Texas kwenye orodha. Haimo. California imo. Hawaii imo. Dakota mbili zimo. Guam imo.

Sina ugomvi na watu wa Guam. Kisiwa chao kimezungukwa na matumbawe, kiko zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Denver, na theluji haijawahi kuwagusa. Wapewe punguzo lao wafurahi. Ninachouliza ni rula gani ilitumika kupima, hata mtu wa katikati ya Pasifiki akawa jirani wa milima yenu, na Texas, ambayo imepakana na New Mexico kwa mstari mrefu ulionyooka, ikawa ughaibuni.

New Mexico wenyewe wana huruma kidogo. Mtexas anayeishi ndani ya maili 135 kutoka mpakani mwao anaweza kuombewa ada ya mwenyeji. Houston iko mbali mno na mstari huo. Lubbock imo ndani. Jioni moja tulikaa mezani tukizungumza kwa utulivu kabisa, watu wazima wenye akili timamu, kuhusu kuhamia Lubbock.

Sasa niruhusuni nifike kwenye suala la ukaazi, maana hapa mmenigusa kama mzazi na kama Mchagga. Nilipiga simu kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Baada ya muziki mrefu akapokea binti mmoja, mpole sana. Nikamuuliza: mwanangu akihamia huko, akakaa mwaka mzima, akabadilisha leseni ya udereva, akasajili gari, si atakuwa mkazi? Akacheka kidogo. Akaniambia inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akaniambia mpango wa chakula haurudishiwi fedha.

Ikabidi nijisomee sheria mwenyewe. Colorado, kijana wa shahada ya kwanza aliye chini ya miaka 22 hawezi hata kuanza kuhesabiwa ule mwaka wake wa ukaazi. Makazi yake ni ya wazazi wake, hata kama amelala miezi 12 miguuni pa mlima. Atasalimika kama atathibitisha kwamba tumemwachia ajitegemee kabisa. Au kama ameoa.

Nilirudia kusoma mara kadhaa. Ameoa! Yaani kijana wa miaka 18 asiyejua soksi zake ziko wapi, mbele ya mhasibu ni mtoto wa Houston. Akifunga ndoa Jumamosi, Jumatatu ni mtu mzima anayeweza kuanza kuhesabiwa Mcolorado. Basi nikachukua kalamu. Tofauti ya ada kati ya mgeni na mwenyeji hapo Boulder inakaribia dola 30,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza tutalipa ada ya mgeni, hilo halikwepeki. Imebaki miaka mitatu. Nikaweka upande wa pili mahari: mbuzi wa ndafu, mbege, mablanketi ya wazee, sherehe, hata sare za kamati. Nikapandisha kila kitu bei, nikiwafikiria wakwe wabishi kuliko wote Machame. Mahari haikufika hata nusu ya ada.

Nikampigia mama yangu kijijini kumshirikisha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huyo mjukuu wangu anakwenda kusomea nini huko?”

“Bado hajaamua, mama. Ila ni mahali penye theluji.”

“Theluji si ipo hapa?”

Nikamweleza habari ya ndoa na ada. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, “Sasa tatizo liko wapi? Mbuzi wapo.”

Waheshimiwa, mnaona mlikonifikisha. Ukoo mzima umeelewa sera yenu vizuri kuliko nyinyi mlioiandika, na wajomba wameshaanza kutaja majina ya mabinti.

Nawasifu Utah kwa sababu hawana balaa hilo la ndoa. Kule kijana akilipa mwaka mmoja wa ugeni, akakaa miezi 12 mfululizo bila kurudi nyumbani kila likizo, akakamilisha makaratasi, anaweza kuomba ahesabiwe mwenyeji hata akiwa bado mwanafunzi na kapera. Na Salt Lake City ina milima kweli: Alta, Snowbird, Brighton na Solitude zote ziko kwenye makorongo yaliyo jirani na mji. Wyoming nao, wenye chuo kikuu kimoja tu cha umma cha miaka minne, hutoza wageni ada iliyo nafuu kuliko wenzao wengi. Laramie iko kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, yaani juu kidogo kuliko Eldoret, ila Eldoret haina upepo unaofunga barabara kuu. Kwa mfuko wangu huko ndiko kunakoeleweka. Kijana hapataki. Anasema mlima wa pale ni mdogo.

Na mpaka wa jimbo, kumbe, unaweza kuondolewa pale mnapotaka. Chuo cha Fort Lewis, Durango, hakiwatozi ada wanafunzi wa makabila ya asili kutoka jimbo lolote, kwa makubaliano ya mwaka 1911, Colorado ilipokabidhiwa majengo ya ngome iliyogeuzwa shule ya bweni ya watoto wa makabila hayo. Deni hilo ni la haki, na afadhali lilipwe. Nalitaja kwa sababu ofisi zenu husema jambo la namna hiyo haliwezekani.

Upande wa michezo mpaka huondoka kirahisi zaidi. Timu zenu za kuteleza kwenye theluji zina desturi ya kusajili vijana kutoka Norway na nchi jirani zake, wengine kwa ufadhili. Mtoto aliyevuka bahari analipiwa. Mtoto aliyevuka Oklahoma analipa mara tatu. Sisi wa Afrika Mashariki mmezoea kutupa ufadhili wa kukimbia tu. Mkimbiaji Mkenya Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978. Lakini hata theluji tumeijaribu: Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho katika mbio zake, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Mwaka 2002 alikuwa Salt Lake City, kwenu hapo. Mwanangu naye yuko tayari kumaliza wa mwisho. Fomu za ufadhili wa aina hiyo zinapatikana dirisha gani?

Halafu kuna gharama ambazo karatasi yenu nyembamba haizitaji. Tiketi ya siku moja ya kuteleza pale Vail, siku za kilele, hupita dola 300. Nikataka kujua hivyo viti vya kupandishia watu mlimani, vinavyoning'inia kwenye waya, vina dhahabu gani ndani yake. Vya kwanza vilifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wa reli ya Union Pacific aitwaye James Curran. Wazo alilitoa kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa ndoano akaweka viti. Mimi nimekulia kihambani, mikungu ya ndizi nimeibeba kichwani tangu nikiwa darasa la pili, na sikumbuki kulipwa.

Bozeman, penye Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, juu ya Hoteli ya Baxter kuna taa ya bluu inayowaka na kuzima pindi theluji mpya ikidondoka kwenye uwanja wa kuteleza wa Bridger Bowl, ili mji mzima ujue. Mwanangu ana picha yake kwenye simu. Naomba kujua kama kuna taa ya rangi yoyote inayowaka siku ya mtihani wa kemia.

Sitaki makubwa. Kwenye risiti ya mwanangu andikeni darasa ni shilingi ngapi na mlima ni shilingi ngapi, kila kimoja mstari wake. Deni la darasa nitalilipa nikiwa nimesimama wima. La mlima tutakaa tupatane, kama inavyofanyika sokoni. Amana mnaitaka kabla ya tarehe 1 Mei, kwa hiyo jibu lenu nalihitaji mapema. Zamu zangu za ziada hupangwa wiki mbili kabla, na mabinti wanaotajwa kule Machame wana wazazi wao, ambao nao wanasubiri kuambiwa kinachoendelea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa Nje ya Jimbo,
Houston, Texas.

Nakala: Mama mzazi, Machame, kwa taarifa. Mbuzi wasiuzwe kwanza.