Pwani ni Pwani: Mwongozo kwa Anayekwenda Kusoma Aberystwyth

Hongera, mdogo wangu, kwa kupata nafasi. Kati ya vyuo vyote vya Uingereza umechagua kilichoko Aberystwyth, mji mdogo wa magharibi mwa Wales, kwa sababu moja ya kitaalamu: kwenye kijitabu chao kuna picha ya bahari. Wewe ni mtoto wa Tanga, au Malindi, au Bagamoyo, ukajisemea pwani ni pwani. Upepo ni uleule, samaki hawakosi, na watu wa pwani popote walipo wana ustaarabu wao. Usiache kuamini hivyo hadi ufike. Imani hiyo ndiyo itakayokupa moyo wa kulipa.

Maana kulipa kunaanza mapema. Kwanza utathibitisha kwamba unajua Kiingereza. Usiulize kwa nini, ilhali umesomeshwa fizikia na historia kwa lugha hiyohiyo tangu kidato cha kwanza. Lipa, kaa kwenye mtihani, eleza unapenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Kisha utapigwa picha ya kifua waone kama huna kifua kikuu. Kisha ada ya viza, na juu yake ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na unailipa yote kwa mkupuo kabla hujapiga chafya hata moja kwenye ardhi yao.

Utamu wenyewe uko benki. Serikali yao inataka ione ada unayodaiwa, pamoja na pesa ya kujikimu hadi miezi 9, zimelala kwenye akaunti yako au ya mzazi wako kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Aliyetunga sharti hili hana shangazi. Wiki ya kwanza mjomba atapata habari kwamba kuna mamilioni yamekaa benki hayana kazi, na ataona huo ni ubadhirifu. Wiki ya pili paa la bibi litavuja. Wiki ya tatu kutatangazwa harusi, na kamati itakupangia mchango kwa kuangalia salio lako badala ya uwezo wako. Dawa yake ni kumpa mama kadi aifiche, halafu mama mwenyewe umnyime namba ya siri.

Ukishatua London utagundua kwamba Aberystwyth haiko karibu na London. Haiko karibu na kitu chochote. Unapanda treni hadi Birmingham, unabadilisha, kisha unakwenda magharibi karibu saa tatu, unapita kondoo, na kondoo, na kondoo, hadi reli inapokwisha. Kabla haijakwisha kuna jambo. Pale Machynlleth treni inakatwa vipande viwili: mabehewa mengine yanakwenda Aberystwyth, mengine yanapinda kaskazini kuandama bahari hadi Pwllheli. Wewe kaa popote penye dirisha zuri. Tangazo likitolewa usihangaike kulisikiliza, kwani linaanza kwa Kiwelisi na wewe ulifanya mtihani wa Kiingereza. Ukiwa behewa lisilo lako utapata bahati ya kushuka Dyfi Junction, kituo kilicho katikati ya kinamasi, kisichofikiwa na barabara ya gari. Hapo utasimama na masanduku yako na ule unga wa sembe uliokatazwa kuubeba, na hakuna wa kukukimbilia akisema, "Bosi, teksi?"

Basi, bahari ipo. Kwa hilo hawakukudanganya. Ila ufukwe wa mjini hauna mchanga mweupe. Una kokoto za kijivu zinazokwaruza zikivutwa na wimbi, sauti kama ya fundi anayechanganya zege usiku kucha. Maji yanajaa na kupwa, bamvua lipo, na mtoto wa mvuvi atalijua bila kutazama kalenda. Ukienda Borth, kijiji cha jirani, maji yakipwa sana utaona visiki vya msitu uliozama maelfu ya miaka iliyopita vikichomoza mchangani, na wenyeji watakusimulia kisa cha nchi nzima iliyomezwa na bahari kwa uzembe wa mlinzi wa malango. Hapo utajisikia nyumbani kidogo, maana pwani yoyote inayojiheshimu ina mji wake uliozama.

Kuogelea ni suala jingine. Februari na Machi maji yanakaribia nyuzi 8 za Selsiasi. Agosti, wakati wenyeji wanaambizana kwamba bahari imepata moto, ni 15 au 16. Utawaona wazee wa miaka sabini wakitumbukia mwezi wa Januari na kutoka wanacheka. Mwaliko wao upokee kwa heshima, sema umejaliwa mafua.

Omba chumba kinachotazama bahari, ukumbuke tu kwamba bahari nayo inakutazama. Januari 2014 mawimbi yaliivunjavunja barabara ya ufukweni, na wanafunzi wa hosteli za upande huo wakahamishwa. Mwavuli usinunue. Kila siku ya dhoruba utaona miavuli iliyogeuka nje ndani imesokomezwa kwenye mapipa ya taka, mingine bado ina karatasi ya bei.

Sasa chakula. Nunua samaki na chipsi, lipa bei ambayo hutaibadilisha kuwa shilingi kwa usalama wa moyo wako, kisha ukae kwenye benchi ufukweni ufungue karatasi. Juu ya nguzo ya taa kuna shakwe. Hakutazami. Anatazama upande wa Ireland, kana kwamba kuna jamaa yake anakuja na boti ya jioni. Unakula chipsi moja. Bado hakutazami. Unainamisha kichwa kuchana kipakti cha siki, na ghafla kuna bawa usoni, kitu kizito kimekupiga begani, na nusu ya samaki wako inapaa kuelekea gatini huku wenzake watatu wakimkimbiza na kumtukana. Ulimdharau bure kunguru wa Zanzibar. Usimrushie jiwe, japo mawe yamejaa miguuni pako: shakwe analindwa na sheria ya mwaka 1981, na wewe unalindwa na viza tu. Wala usimlilie sana huyo samaki. Mara nyingi hakuvuliwa hapo; ametoka maji ya kaskazini, huko Iceland au Norway, amekuja ameganda kama ulivyokuja wewe. Ukitaka samaki wa pale, ngoja kiangazi, ufuatane na wenyeji wanaovua vibua kwa mshipi.

Hostelini, pika. Semolina inakubali kuwa ugali ikipigwa mwiko kwa nia thabiti. Kinachosumbua ni kile kifaa cheupe darini kinachonusa moshi. Kimelelewa kwenye mikate ya kubanika na maharage ya kopo. Hakijawahi kukutana na kitunguu maji, kitunguu saumu na bizari kwenye mafuta yaliyochemka. Kitapiga ukelele, milango yote itafunguka, na jengo zima litasimama nje kwenye manyunyu limevaa nguo za kulalia, likikutazama wewe uliyetoka na mwiko mkononi. Hakuna atakayekulaumu. Watakwambia hakuna shida kabisa, na kesho yake kutakuwa na karatasi ukutani inayowakumbusha "wakazi wote" kufungua dirisha. Siku ya tatu mmoja atakugongea mlango aulize kile kilichonukia kilikuwa nini, na kama kimebaki.

Mwaka wa pili utahamia nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba atataka mdhamini anayeishi Uingereza. Huna, kwa hiyo huenda akakuomba kodi ya miezi kadhaa mbele. Pembeni mwa dirisha kutaota kuvu weusi. Ukimlalamikia atakushauri ufungue madirisha ili nyumba ipumue, na ukifungua, joto ulilolilipia litatoka kwenda kuipasha bahari, ambayo kama nilivyosema inalihitaji.

Kwenye saa ndiko utakakopotea kabisa. Kwetu jua linatoka saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu zina akili. Aberystwyth mwezi wa Desemba jua linachungulia karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuaga saa kumi jioni. Mwezi wa Juni halizami mpaka saa tatu na nusu usiku imepita. Waliofunga Ramadhani ya Juni 2016 wana ruhusa ya kuisimulia mpaka leo. Na mama akikupigia simu ya video saa tano usiku kwake, akuone umekaa juani unakula barafu ya koni, usijaribu kumweleza. Atajua umemdanganya nchi uliyokwenda.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Usimwite mwenyeji Mwingereza. Mwite chochote, hata babu, lakini si hivyo. Mabango yote yana lugha mbili, na Kiwelisi ndicho kinachoanza. Dukani utasikia mtu akinunua maziwa kwa Kiwelisi, akigombeza mbwa kwa Kiwelisi. Hata Charles, kabla hajawa mfalme, aliletwa hapa mwaka 1969 akae muhula mmoja ajifunze hiyo lugha. Muhula mmoja. Wewe umelipia zaidi na unasoma biashara.

Chuo chenyewe kina asili utakayoielewa haraka kuliko mwenzako aliyetoka Surrey. Kilifunguliwa mwaka 1872 ndani ya hoteli ya ufukweni ambayo mjenzi wake, mtu wa reli, alifilisika kabla ya kuimaliza. Kamati iliinunua kwa pauni 10,000, halafu senti za kuendesha chuo zikakusanywa kwa wakulima, wachimba mawe na waumini makanisani, kikapu kikipitishwa Jumapili. Hiyo ni harambee, mdogo wangu, kabla Kenyatta hajazaliwa.

Na kuna jambo jingine ambalo kejeli inanishinda hapa. Katika karne ya 19, baadhi ya shule za Wales zilikuwa na kibao. Mtoto akisikika anasema Kiwelisi, anavishwa shingoni. Anakaa nacho mpaka amnase mwenzake akiteleza, amvishe. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Wewe uliyesoma Kenya ukabeba diski au monto unacheka cheko la uchungu, na wewe uliyelipishwa faini kwa kusema Kiswahili uwanjani katika shule ya mchepuo wa Kiingereza unacheka pia. Tarehe 2 Februari 1963 vijana, wengi wao wanafunzi, walikaa chini kwenye daraja la Trefechan, hapohapo mjini, wakazuia magari kwenye theluji, wakidai lugha yao itumike katika shughuli za serikali. Leo utapita darajani hapo ukienda kununua mchele. Wakikuuliza lugha yako ina hali gani, wajibu ina wasemaji wengi mno, wajae kijicho. Usiwaambie kwamba ukirudi utamtafutia mwanao shule ambayo ukiisikia lugha hiyo getini unahamisha mtoto.

Darasani huko juu ya kilima cha Penglais (kilima, wanakiita, miguu yako itakipa jina lake halisi) mambo ni mepesi. Idara yao ya siasa za kimataifa ilianzishwa mwaka 1919, ya kwanza duniani, kwa hiyo wamekuwa wakituzungumzia kwa zaidi ya miaka mia. Mhadhiri akifika kwenye Maziwa Makuu vichwa vyote vitakugeukia, na utaombwa utoe mtazamo wa Afrika. Toa. Nchi 54, dakika mbili. Ukichoka teremka hadi Maktaba ya Taifa ya Wales, yenye haki kisheria ya kudai nakala ya kila kitabu kinachochapishwa Uingereza. Ina vipasha joto vizuri sana.

Kazi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Utaosha sahani kwenye hoteli inayotazama bahari, na jikoni hakuna dirisha.

Zilizobaki ni mila. Jioni utatembea barabara ya ufukweni mpaka mwisho wake chini ya kilima cha Constitution, na hapo utaupiga teke uzio wa chuma. Kila mtu anaupiga, hakuna mwenye sababu moja inayokubalika. Wewe nawe umetoka kwenye watu wenye mila zao, hivyo huna pa kuwacheka: piga, geuka, rudi. Majira ya baridi tembea machweo, uwaone kwezi kwa maelfu wakijikunja na kujikunjua angani juu ya gati kabla ya kujitupa wote chini yake kulala. Hili halina kejeli wala ada, na sijui kwa nini hawakuliweka kwenye kijitabu.

Picha ya bahari kama ile ya kijitabu utaipiga wewe mwenyewe. Utasubiri dakika kumi na moja za jua za mwezi wa Aprili, utavua koti, utaubana mkono wa rafiki anayeshika simu usitetemeke, na utaituma nyumbani. Baada ya wiki kadhaa utapata ujumbe kutoka kwa kijana wa Pangani ambaye ameiona kwa shangazi yako. Naye ameomba chuo hichohicho. Anauliza hali ya hewa, anauliza samaki, anauliza kama kweli bahari iko mlangoni. Mjibu yote kwa ukarimu wa kipwani. Akiuliza abebe kaptula ya kuogelea, mwambie abebe mbili, ili moja ikianikwa avae nyingine.