Bomba Lililonenepa Njiani

Klampu 24 zilipangwa sakafuni kama vitumbua kwenye sinia, mpya, bado zinanuka rangi. Fundi wetu mchomeleaji, mzee wa Tanga mwenye subira ya mvuvi wa ndoana, aliokota moja, akaiweka juu ya bomba la inchi sita, akasukuma. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akajaribu ya pili, ya tatu, kisha akanitazama kwa huruma.

"Injinia, bomba limenenepa njiani?"

Bomba halikuwa na kosa. Kosa nililifanya mimi, mezani, kwa kikokotoo. Nilizidisha 6 kwa 25.4, nikapata milimita 152.4, nikachora duara, nikaongeza nafasi kidogo ya kupumulia, mchoro ukaenda kwa mtengeneza klampu. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ila bomba la inchi sita halina inchi sita mahali popote. Nje ni milimita 168.3. Ndani hutegemea unene wa chuma, ambao hutajwa kwa skedyuli. Lile la skedyuli 40 lina kama 154. Hiyo sita ni jina tu, kama jirani yangu anayeitwa Tajiri. La inchi 12 nalo ni 323.9, bado linadanganya. Ukifika inchi 14 ndipo bomba linaokoka: nje 355.6, inchi 14 kamili.

Bosi alizihesabu klampu. Akazihesabu tena, labda zingepungua.

"Hiyo AutoCAD yako haikujua?"

Nikamweleza kwamba AutoCAD, iliyopo tangu 1982, huchora ulichoagiza. Ukitaka duara la 152.4 unapewa, wala huulizwi la nini. Zipo programu za mabomba hasa, ambamo huchori duara: unataja inchi sita, skedyuli 40, nayo inatoa kwenye katalogi yake bomba la 168.3. Ukikata kona, inaweka elbo yenyewe, ile ndefu ya milimita 229 kutoka katikati hadi mdomoni. Flenji ya klasi 150 inakuja na bolti zake nane.

"Basi itafute," akasema, "kabla hujaninunulia klampu nyingine."

Nikaanza na wakubwa. PDMS, iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, miaka ya 1970, ilikusudiwa mitambo mikubwa kama ya kusafisha mafuta, ambako kundi zima la wachoraji hutumia hifadhidata moja kwa pamoja. Sisi wachoraji tulikuwa mmoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa kijana wa mafunzo aliyepika chai pia. Nikateremka ngazi, nikateremka tena, mwishowe nikapakua programu moja ya majaribio ya siku 30, kwa sababu ya kitaalamu kabisa: picha yake ya tangazo ilikuwa na mabomba ya rangi.

Siku ya kwanza iliishia kwenye kupakua. Siku tatu umeme ulikatika. Nikaenda harusini Morogoro. Kumbe siku 30 zile hazisimami kwa giza wala kwa pilau. Na kompyuta yetu, kila nilipoongeza nguzo za jengo, feni ilivuma kama mashine ya kukoboa mpunga, kisha ikaganda. Nikazifuta nguzo zote. Paa likabaki linaelea, kompyuta ikapumua.

Siku ya 22 nikamwita bosi aone. Nikashika kipanya, kikateleza, kiwanda kizima kikageuka miguu juu, tangi likaning'inia kama popo. Robo saa nzima tulikitafuta kile kitufe cha kurudisha, shingo zimepinda.

"Hii ndiyo," bosi akasema, kichwa bado upande.

Fundi hakuna aliyemuuliza. Nilipomwendea, nia ilikuwa kumwonyesha lile tangi popo kwenye simu. Mkononi nilikuwa pia na karatasi moja ya isometriki ambayo programu ilijichorea: mistari myeusi ya nyuzi 30, mshale wa kaskazini, vipimo, orodha ya vipande. Hakuna rangi hata moja. Simu hakuitazama. Alichukua karatasi, akaisoma amesimama, kidole kikifuata laini elbo hadi elbo.

"Sasa hapa umeongea, mwanangu."

Akatoa chaki mfukoni, akaanza kutembea kuifuata laini, karatasi mkono mmoja, tepu mkono wa pili. Hatua kumi na mbili, akasimama. Programu za aina hii hukagua zenyewe kama bomba linagonga kitu, lakini haziwezi kuiona nguzo uliyoifuta. Fundi akaigonga kwa nyundo, ngo, ngo.

"Injinia, na hii nayo imeota njiani?"

Nikarudi ofisini kuzirudisha nguzo, zikiwa zimebaki siku mbili na feni imeshaanza kuvuma. Klampu zipo stoo hadi leo. Mke wa bosi ameomba sita za kushikia vyungu vya maua. Amepima kwanza.