Muulize Bi Upawa: Si Kila Mkenya Mkimbiaji

*Shikamoo Bi Upawa. Mimi ni mtoto wa Vihiga, nasoma chuo cha Swarthmore, Pennsylvania. Tangu nifike huku kila mtu ananitaka nikakimbie mbio. Mimi na mbio hatujuani. Nifanyeje? – Mchovu wa Vihiga*

Marahaba, mwanangu. Umefanya busara kunichagua mimi, ingawa sioni ungemchagua nani mwingine. Yule bibi wa redio anayejiita mtaalamu wa ndoa, huo utaalamu ameusomea wapi, na waume wote waliomwoa wametoka mbio bila viatu? Lakini sisengenyi mtu. Safu hii ina heshima zake, na nafasi ikibaki nitakumalizia habari zake huko chini.

Chuo chako nakijua vizuri. Marekani sijafika, wala sina haja: mwana wa dada yangu alikaa Philadelphia, na kutoka hapo hadi Swarthmore ni mwendo mfupi tu wa treni. Alichokiona yeye nimekiona mimi, tena kwa uwazi zaidi, maana yeye hakuvaa miwani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1864 na Marafiki, ndio hao Quaker. Wenzao ndio waliofika kwenu Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kama Kenya. Ila Marafiki wa kule Pennsylvania husali kwa kukaa kimya, hapana kwaya wala mahubiri, mpaka mtu aguswe rohoni asimame aseme neno lake. Sijui wewe, uliyelelewa na kayamba na makofi, unavumiliaje. Mimi nilikaa kimya hivyo alasiri moja, majirani wakaja na ubani.

Sasa nisikize. Chuo chote hicho kina wanafunzi kama 1,600. Hiyo ni idadi ya watu wanaoweza kualikwa kwenye harusi moja ya mtaani kwetu Kibokoni, na wakaja na wasioalikwa. Penye watu wachache hivyo, jina unalopewa wiki ya kwanza ndilo utakalohitimu nalo. Yule wa falsafa haogi. Yule wa uhandisi hana rafiki ila kikokotoo. Yule wa uchumi ameshaajiriwa benki hata kabla ya kununua daftari. Wewe ulipotamka Kenya tu, wakakuvika Eldoret nzima na wakimbiaji wake. Na usijifanye unaonewa peke yako! Hapa nyumbani, Mluhya kama wewe akiingia sebuleni, kuku wetu wenyewe hujificha, na hakuna anayekuuliza kama unapenda samaki.

Hizo mbio za chuoni kwenu nazijua. Hukimbiliwa chini ya maktaba ya McCabe, katikati ya makabati ya vitabu, na mshindi hupewa karatasi ya chooni. Usicheke, kuna sababu. Thomas McCabe, aliyehitimu hapo mwaka 1915, alikuwa mkuu wa kampuni ya Scott Paper, watengenezaji wa karatasi hizo hizo, na baadaye, kuanzia 1948 hadi 1951, akawa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani. Mtu mmoja amesimamia karatasi za aina mbili ambazo binadamu hawezi kutoka nyumbani bila uhakika nazo. Mimi nikifa nataka jengo pia. Nimeshawaandikia baraza la kaunti. Wananijibu kwa kutonijibu.

Dawa yako ni hii: sema umestaafu. Usiseme hujui kukimbia, watadhani unajishusha, na Wamarekani wakidhani unajishusha hukupa unahodha. Jifunge taulo jeupe shingoni. Chechemea kidogo, mguu wa kushoto asubuhi, wa kulia jioni. Wakikuuliza kuhusu mashindano ya zamani, tazama dirishani, ushushe pumzi, useme, “Goti hili limeona mambo.” Siku ya mbio kaa kwenye kiti na saa mkononi, uwakemee wote wanyanyue magoti. Mimi nilistaafu lelemama namna hiyo hiyo nikiwa katika kilele cha sifa zangu, na hadi leo hakuna aliyeniona nikicheza, ndiyo maana hakuna aliyewahi kunishinda.

*Bi Upawa, huku Swarthmore kuna desturi: mwenzako wa chumbani anakutafutia mtu wa kwenda naye dansi, humjui, mnakutanishwa kwenye ukumbi wa chakula mmevalia vituko. Naona haya. – Binti wa Tanga*

Haya za nini? Hao watoto wamegundua ushenga, wanadhani ni uvumbuzi. Mimi nimeunganisha nusu ya mtaa huu, na nusu ya pili wanaishi kwa majuto.

Kosa lao ni kumwachia kazi hiyo mwenzio wa chumbani. Huyo anajua unakoroma, anajua ulikula biskuti zake. Hana moyo safi. Mpe masharti kwa maandishi. Kwanza, kijana atoke chuo cha Haverford, si hapo hapo, maana wa hapo hapo ukigombana naye utakutana naye kesho kwenye foleni ya uji na miaka mitatu ijayo. Swarthmore, Haverford na Bryn Mawr vimeungana, mwanafunzi wa kimoja anaruhusiwa kusoma somo kwenye chuo kingine. Basi na yeye mhesabu kama somo la nje. Tena Haverford wana kanuni yao ya uaminifu, hufanya mitihani bila msimamizi. Mume asiyehitaji msimamizi! Ningepewa nafasi hiyo nikiwa msichana, nisingekuwa naandika safu hii, ningekuwa nalipwa kuisoma.

Kuhusu vituko: wakikuvika umbo la chupa ya sosi, vaa. Chini yake funga kanga yenye jina linalouma. Kijana hataisoma, lakini wewe utajua.

*Bibi, rafiki zangu wote hushindana nani hajalala zaidi. Nikisema nimelala kwa muda wa saa nane, wananitazama kama mwizi. – Mwenye Usingizi*

Ndiyo sifa ya chuo chenu, mwanangu. Mpaka fulana zinauzwa za kusema kwamba alama hii kwingine ingekuwa A. Na bado muhula wa kwanza alama zenu haziandikwi. Ni kufaulu au kutofaulu tu, ili mpumzike mzoeane. Mmepewa godoro, mnalitumia kuegemea vitabu!

Wao wakisema hawajalala siku mbili, wewe sema tatu, kisha upige mwayo, ukalale. Hakuna atakayekuja kuhakikisha, wote wana insha ya kesho. Ukiulizwa uso wako unang’aaje, sema ni homa.

Nilitaka kuwaeleza nilivyokataa ufadhili wa kusoma ng’ambo kwa sababu ya mtu mmoja na pikipiki yake, lakini mwenye samaki anapiga hodi na changu wake hawangoji. Yule bibi wa redio, wiki ijayo.