Muulize Bi Seredani: Nimelipa, Halafu Nipike Mwenyewe?

Barua za mwezi huu zimefika zinanuka thomu. Tangu watoto wetu waanze kukesha na tamthilia za Kikorea zilizotiwa Kiswahili, kila anayevuka maji kwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake anataka apitie kwenye mkahawa wa Kikorea kabla hajarudi Mkoani. Hapa Pemba mkahawa wa namna hiyo sijauona bado. Matatizo yake ndiyo yaliyotangulia.

*Bi Seredani, shikamoo. Baada ya kuuza karafuu zangu nilimchukua mke wangu Dar, nikampeleka kwa Wakorea kula nyama ya kuchoma. Tukaletewa sahani ya nyama mbichi, koleo na mkasi, na moto katikati ya meza. Nikamwita mhudumu nikamwambia hajamaliza kazi yake. Akacheka. Nidai kurejeshewa nusu ya pesa? — Muuza Karafuu, Wete*

Marahaba, mwanangu. Huna cha kudai. Nyama uliyoiita mbichi ilikuwa imeshafanyiwa kazi kabla hujaamka. Kama ni bulgogi, basi ni ng'ombe aliyekatwa vipande vyembamba, akalazwa kwenye mchuzi wa soya, sukari, thomu, mafuta ya ufuta na pea lililosagwa. Pea hilo linalainisha nyama, kazi ile ile ya papai bichi kwenye mishkaki yako. Kama ni galbi, ni mbavu, na mbavu zinataka mkono unaojua kisu. Kilichobaki ni dakika moja au mbili za moto, na dakika hizo ndizo zisizoweza kufanyika jikoni: nyama nyembamba ikitoka huko kuja kwako inafika baridi na imekaza. Ndiyo maana wameuleta moto ulipo wewe. Mkasi ni wa kukatia nyama ikiwa juu ya wavu, koleo ni la kugeuzia.

Kwa desturi yao, anayegeuza mara nyingi ni mdogo wa umri katika meza, wakubwa wale. Nyinyi mlikuwa wawili. Umeniandikia kurasa mbili nzima kuhusu mhudumu, na hukunambia koleo lilishikwa na nani. Basi nimejua. Msalimie mkeo.

*Bi Seredani, nilikwenda na mume wangu na baba mkwe. Nikafundishwa kwamba nyama unaiweka kwenye jani la saladi pamoja na wali kidogo, thomu na kikolezo cha maharage ya soya, unafunga, unatia kinywani lote kwa mara moja. Lote! Mbele ya mkwe! Nimerudi na njaa. — Mke wa Mwana, Chake Chake*

Pole, mama. Hilo ni tonge tu, limevishwa jani. Na ni kweli, kulimega vipande viwili si adabu yao. Lakini hakuna aliyesema jani liwe zima. Chana jani nusu, nyama kipande kimoja, wali punje za kuhesabu, kisha inama kidogo uweke mkono mbele ya mdomo. Baba mkwe hatoona kitu, na akiona atajua umelelewa.

Tena Wakorea wenyewe wangekuelewa kuliko unavyodhani. Kwao hakuna anayeanza mpaka mkubwa ainue kijiko chake. Ukimpa mzee kitu, unampa kwa mikono miwili. Kijana akinywa mbele ya mkubwa, anageuza uso pembeni. Ulikuwa ugenini kwa chakula tu, mama, kwa adabu ulikuwa kwenu.

*Bi Seredani, mie nasoma Dar. Wenzangu wananialika kwa Wakorea kila mwisho wa mwezi. Nakwenda au siendi? Na hiyo kimchi imechachuka, si kama tembo hiyo? — Mwanafunzi wa Mtambile*

Mie si mufti, ni mpishi. Fatwa kawaulize mashekhe. Ninachoweza kukuambia ni kilichomo kwenye sahani.

Samgyeopsal ni nyama ya tumbo la nguruwe, na Wakorea wanaipenda mno. Ukiona kipande chenye matabaka meupe na mekundu, rudisha mkono. Zile chupa ndogo za kijani ambazo kwenye tamthilia huletwa mtu akishaachwa na mchumba ni soju, na soju si soda. Nyama iliyolazwa wakati mwengine hutiwa mvinyo wa mchele, na baadhi ya vikolezo vya pilipili vya kopo huongezwa pombe ili visiharibike. Kwa hiyo uliza kabla hujakaa: mna nguruwe, mnatia mvinyo, na ng'ombe huyu kachinjwa na nani. Uliza kwa sauti ya kawaida, usinong'one kama umeiba. Wavu nao omba mpya. Hutaonekana msumbufu, kwani wavu ukishaungua huwa wanaubadilisha hata bila kuombwa. Majibu yakikutia shaka, kula kwenu, ukawasubiri wenzako nje.

Kimchi ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, pilipili, thomu na tangawizi, na mara nyingi uduvi wa chumvi au maji ya samaki waliovundikwa. Uchachu wake ni wa jamii ya maziwa mgando. Harufu utaizoea, mtu aliyekulia kwenye ng'onda na papa mkavu hana haki ya kuziba pua. Huko Seoul, kwenye mtaa wa Itaewon, upo msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976, na umezungukwa na mikahawa inayouza chakula cha halali. Yaani Mkorea keshazoea kuulizwa. Aliyekuwa bado ni wewe.

*Bi Seredani, mwanangu alinipeleka kwa hao Wakorea. Nikaletewa kikaratasi cheusi kinang'aa mafuta. Naonja: mwani! Nikaletewa supu: mwani! Miaka yote hii nafunga kamba baharini maji yakitoka, naanika, nauza kwa kilo, na hakuna aliyenambia kuwa unaliwa. Nimeibiwa? — Mama Mwani, Micheweni*

Mama Mwani, barua yako nimeisoma nimesimama.

Ule wa karatasi unaitwa gim. Ingawa ni mweusi mezani, ni wa jamii ya mwani mwekundu, kwa hivyo na wako ni ndugu wa mbali. Unataka maji baridi, wakati wako umezoea vuguvugu. Wanausaga, wanautandaza, wanaukausha, kisha wanauchoma kidogo kwa mafuta ya ufuta na chumvi. Ule wa supu ni miyeok, mwani wa kahawia, ukoo mwengine kabisa. Hao wote hawakutoka Micheweni, basi mzigo wako haukuibiwa njiani.

Wako, spinosum na cottonii, ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwanza pwani ya mashariki ya Unguja, ukaja Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kwetu. Cottonii ndiyo yenye bei, na ndiyo hiyo inayokufa kwa joto la bahari, mnabaki na spinosum ya bei ya chini. Mwingi unasafirishwa ukiwa mkavu, na wanunuzi huko nje wanautoa ute uitwao karajinani, unaoshikamanisha dawa ya meno na kulainisha aiskrimu. Kwa hiyo umekuwa ukiula siku zote: unauuza kwa kilo, unaununua kwa kijiko. Hapo hasira yako ina haki, ila ipeleke kwenye bei, usiipeleke kwa mpishi. Na wapo wanawake wenzako wa Unguja na Pemba wanaotengeneza sabuni, juisi na achari za mwani, wakauza wenyewe. Katafute kikundi.

Ile supu, mama wa Kikorea hupewa akishajifungua, kama wewe ulivyopewa uji wa pilipili manga. Kisha mtoto hunywa supu hiyo hiyo kila siku yake ya kuzaliwa. Wanafunzi huikwepa siku ya mtihani tu, wakihofu utelezi wake utawaangusha. Mwanao akikualika tena, mwambie iwe siku yake ya kuzaliwa, uagize supu, umkumbushe nani aliyekuwa na uchungu siku ile. Na bili iwe yake.

*Bi Seredani, nililetewa vibakuli: kimchi, mchicha wa ufuta, figili, dagaa watamu. Nikamaliza, wakajaza. Nikamaliza, wakajaza. Nyama ilipokuja sina pa kuitia. Nimedhulumiwa? — Mpenda Dezo, Konde*

Umejidhulumu. Hizo ni banchan, za meza nzima, unadonoa baina ya nyama na wali. Kujaziwa bure ni ukarimu wao. Achari ya ndimu huletwa na pilau kila harusi, na hujapata kumaliza bakuli zima la achari. Au umewahi? Usinijibu.

*Bi Seredani, mume wangu karudi Dar keshakuwa Mkorea. Kila Ijumaa usiku anatia seredani ukumbini, anafunga madirisha ati "tusikie harufu kama mkahawani", na nyama anaikata kwa mkasi wangu wa kushonea. — Fundi Cherehani, Mkoani*

Madirisha kwanza, leo hii. Mkaa unatoa sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini. Mikahawa ile ina mabomba ya kuvuta moshi juu ya meza. Nyinyi mna uani, atoke na seredani lake huko. Nyama ailaze na papai bichi, thomu, soya na mafuta ya ufuta, na asiitupie mafungu, aitandaze kipande kimoja kimoja. Kama ngisi wa Tumbe yupo, amjaribu huyo, ila asimwache akakauka.

Ama mkasi, mnunulie wake, akae nao jikoni, wako ufungie kabatini. Ukimkuta tena na wa kitambaa, kanzu yake ya Idi ishone baada ya Idi.