Mtu wa Mara Mjini Edinburgh

Ugeni wa mwanafunzi katika mji mkongwe wa ng'ambo huelezwa kwa kawaida kwa mambo makubwa, yaani maktaba, makanisa ya kale na maprofesa wenye majoho, ilhali anayeuishi ugeni huo hushindwa kwanza na mambo madogo: saa, sarafu na nyama. Mkoa wa Mara una mfano wake mashuhuri, kwani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akatunukiwa shahada ya M.A. Si haki kumsingizia Mwalimu kila kisa kitakachotajwa hapa. Ni visa vya mtu yeyote wa Mara ambaye angetupwa katika mji ule miaka ile akiwa na koti jembamba.

Ieleweke pia kwamba kwa mtoto wa Butiama ng'ambo ilianzia Musoma. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12, Kambarage alipelekwa bweni katika shule ya Mwisenge, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani, akiwa anazungumza Kizanaki, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Tabora ikafuata mwaka 1937, kisha Makerere. Msafiri wa leo hupanda basi, akapita Bunda kuelekea Mwanza, baada ya shangazi kuhakikisha kwamba unga wa muhogo umo begini na kwamba hakuna afisa wa uwanja wa ndege atakayeuonea shaka, jambo ambalo shangazi hana mamlaka nalo.

Tatizo la kwanza ni jua. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo, na utaratibu huo hauna kasoro mjini Musoma, ulio karibu na nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, ambako mchana na usiku hugawana saa 24 nusu kwa nusu mwaka mzima. Edinburgh iko karibu na nyuzi 56 kaskazini. Huko, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama karibu saa 9:40 alasiri, wakati ambapo ng'ombe wa Butiama hawajafikiria hata kugeuza kichwa kuelekea zizini. Na mwezi Juni jua husubiri hadi saa 4 usiku ndipo lizame, likimwacha mgeni aliyeambiwa aje jioni akiingoja jioni isiyofika. Anayetafsiri saa zake kichwani hupata hasara zaidi. Akialika wenzake chai ya saa kumi alasiri, akatamka kwa Kiingereza ile kumi anayoifikiria kwa Kiswahili, watabisha hodi saa nne usiku, chai imepoa na mwenyeji amelala.

Mji wenyewe una njia yake ya kutangaza wakati. Tangu mwaka 1861 mzinga hupigwa katika ngome ya Edinburgh saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, desturi iliyoanzishwa ili meli zilizokuwa karibu na bandari ya Leith zirekebishe saa zake. Wenyeji hutazama saa zao mkononi na kuendelea na safari. Mgeni kutoka Mara, ambako kwa muda mrefu mlio wa bunduki ulidhaniwa kuwa habari ya ng'ombe walioibwa, husimama katikati ya barabara akitafuta yowe litokee upande gani. Ngome hiyo imejengwa juu ya mwamba wa volkano, na watalii huupigia picha kwa mshangao, lakini mtu aliyekulia kati ya majabali ya Mwitongo, makazi ya ukoo wa Nyerere pale Butiama, angeuliza tu pimbi wamekwenda wapi.

Sarafu nazo zilikuwa na hila. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Uingereza, zote 20 zikifanya pauni moja, isipokuwa ya kwanza iligawanywa senti 100 na ya pili peni 12, kwa hiyo mtu aliyejua shilingi vizuri ndiye aliyekosea chenji kwa kujiamini zaidi. Vyumba vingi vya kupanga vilikuwa na mita ya gesi, yaani kijisanduku kinachotumbukizwa sarafu ili moto wa kuota uwake, nao moto ulizimika pale tu thamani ya sarafu ilipokwisha. Kwa mwanafunzi wa uchumi, lilikuwa somo la usiku lenye mwalimu mkali kuliko wa mchana.

Jambo zito lilikuwa nyama. Uingereza ilikuwa bado katika mgao, utaratibu wa serikali wa kumpa kila mkazi kiasi maalumu cha chakula kwa kitabu cha kuponi, na nyama ilipimwa kwa bei badala ya uzito, hivi kwamba bei ikipanda pande linapungua. Mtemi Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake 22. Katika boma la namna hiyo kitoweo hakikuweza kuhesabiwa kwa peni. Faraja ilitoka mahali pasipotazamiwa, katika hagisi, chakula cha Waskoti cha moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa pamoja na nafaka ya oti na kupikwa ndani ya tumbo la mnyama huyo. Wageni wengi huikimbia. Aliyezoea supu ya utumbo huomba aongezewe, akishangaa jambo moja tu, kwamba kila tarehe 25 Januari, siku ya kumkumbuka mshairi Robert Burns, Waskoti huisomea shairi kabla ya kuikata, jambo ambalo utumbo wa Mara haujawahi kutendewa hata na walaji wake waaminifu.

Nyerere alirejea Tanganyika mwaka 1952, mgao ukiwa bado haujaisha. Mgao wa nyama uliondolewa Uingereza tarehe 4 Julai 1954, siku tatu kabla ya chama cha TANU kuundwa Dar es Salaam.